Betri hufa ikiwa imekaa: namna ya kutunza chaji ya pikipiki na gari lisilotumika mara kwa mara

Katika kitongoji cha Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile mjini Juba, pikipiki au gari huweza kukaa wiki kadhaa bila kuwashwa kwa sababu ya uhaba wa mafuta, mvua, au safari ya mwenye chombo. Siku hizo za mapumziko huweza kuiua betri iliyokuwa nzima. Makala hii inaeleza kwa nini hutokea hivyo, na ni hatua zipi ndogo zinazoweza kuiokoa.

Mambo muhimu

• Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji hata isipotumika, na joto huongeza kasi ya upotevu huo.
• Betri ikiachwa kwa muda mrefu ikiwa na chaji pungufu, huharibika kwa namna ambayo mara nyingi haiwezi kurekebishwa.
• Kuwasha injini kwa dakika tano kila wiki hakuijazi betri.
• Kuchomoa waya wa hasi, kupima volti kila mwezi, na kuchaji polepole ndizo kinga zenye gharama ndogo zaidi.

Lango la mashariki la Juba

Msafiri atokaye katikati ya Juba huvuka Nile kwa Daraja la Juba la zamani, au kwa Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwezi Mei 2022, akaingia upande wa mashariki ilipo Gumbo. Hapo hupita barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Kwa barabara hiyo huletwa sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa mjini: unga, saruji, petroli, vipuri na betri zenyewe, zikitoka Uganda au bandari ya Mombasa.

Mahali penye barabara kama hiyo, mtu angedhani kwamba vyombo vya moto havipumziki. Mambo hayako hivyo. Petroli inapoadimika, foleni hurefuka vituoni na bei hupanda, na mwenye pikipiki huona heri aiegeshe. Mvua za kuanzia Aprili hadi Novemba hugeuza njia za ndani ya vitongoji kuwa matope. Usalama ukiwa mashakani katika barabara za nje ya mji, wasafiri huahirisha safari zao. Tena wapo wanaosafiri kwa miezi kwenda kuwaona jamaa Kampala, Nairobi au katika kambi ya Kakuma, wakaiacha pikipiki chini ya turubai.

Mwenyewe arudipo, hubonyeza kitufe cha stata na kusikia mlio dhaifu tu. Hapo huambiwa betri imekufa, naye huhesabu hasara ya kununua nyingine iliyosafirishwa kutoka mbali. Hasara nyingine haihesabiki kwa fedha. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi zenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo vya kina mama wajawazito duniani, na pasipo gari la wagonjwa, pikipiki ya jirani ndiyo humpeleka mzazi hospitalini usiku. Jenereta la zahanati, basi la shule, gari la kanisa na boti ya mtoni navyo viko katika hali hiyo hiyo: hukaa kimya siku nyingi, kisha huhitajika mara moja na kwa haraka.

Kinachotendeka ndani ya betri

Betri nyingi za pikipiki na magari hadi leo ni za risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na ziada kidogo. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yote yakiwa yamezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji.

Betri inapotoa umeme, asidi huungana na mabamba na kufanya utando wa salfeti ya risasi. Inapochajiwa, utando huo huyeyuka na asidi hurudi katika maji yake. Mzunguko huo hauna madhara makubwa mradi utando usiachwe ukae. Ukiachwa kwa wiki nyingi, chembe zake laini hukua na kugeuka fuwele ngumu, kama chumvi inavyoganda katika chombo kilichosahauliwa. Fuwele hizo hufunika mabamba, umeme hukosa njia, na chaja ya kawaida hushindwa kuziyeyusha.

Hii ndiyo sababu betri iliyochakaa kwa kazi ya kila siku huweza kudumu miaka kadhaa, ilhali betri mpya iliyosahauliwa ikiwa nusu tupu huweza kufa kwa miezi michache.

Wezi wawili wa chaji

Mwizi wa kwanza ni joto. Kila betri hujipunguza chaji yenyewe polepole hata ikiwa haikuunganishwa na kitu chochote. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, upotevu huo huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo betri iliyohifadhiwa mahali penye nyuzi joto 35 hupoteza chaji mara mbili ya ile iliyo mahali penye nyuzi joto 25. Mjini Juba, mchana wa Februari na Machi kwa kawaida huzidi nyuzi 35, na mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya wimbi la joto lililotarajiwa kufikia nyuzi 45. Joto hilo hilo hukausha maji ya betri na kuongeza kutu katika mabamba. Pikipiki iliyoegeshwa juani, au ndani ya kontena la bati, hupata adhabu zaidi.

Mwizi wa pili ni umeme unaovuja kimyakimya. Ufunguo ukiwa umezimwa, king'ora cha wizi, saa, redio na kifaa cha kufuatilia chombo kwa setilaiti huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Hesabu yake ni rahisi. Uwezo wa betri hupimwa kwa ampea-saa, yaani ampea ngapi huweza kutolewa kwa saa ngapi. Betri ya pikipiki yenye ampea-saa 5, ikinyonywa na king'ora miliampea 5 tu, hupoteza ampea-saa 0.12 kwa siku. Betri ya gari yenye ampea-saa 45, ikinyonywa miliampea 50, hupoteza ampea-saa 1.2 kwa siku. Zote mbili hukaribia nusu baada ya wiki tatu hivi, kabla hata ya kuhesabu kile kilichochukuliwa na joto.

Kuwasha kidogo kila wiki hakutoshi

Wengi humwachia jamaa ufunguo wakimwambia aiwashe pikipiki dakika tano kila Jumapili. Nia ni njema, lakini matokeo ni haba. Injini ikiunguruma polepole bila kwenda, jenereta yake ndogo hutoa umeme kidogo sana, na taa ya mbele ikiwa inawaka huweza kuumaliza umeme wote huo. Betri hubaki ilipokuwa, au hushuka, na petroli iliyotafutwa kwa shida huteketea bure. Aidha, injini isiyopata moto wa kutosha huacha unyevu ndani ya oili na bomba la moshi.

Ikiwa chombo ni lazima kiwashwe, yafaa kiendeshwe kwa mwendo wa kawaida kwa nusu saa au zaidi. Hata safari hiyo haiwezi kuijaza betri iliyokwisha kabisa. Huirudishia tu kile kilichopungua kidogo.

Pikipiki ina udanganyifu wake. Baadhi ya pikipiki huwaka kwa kupigwa kiki hata betri ikiwa taabani, na mwendeshaji huzoea kupiga kiki kila asubuhi akadhani amelikwepa tatizo. Betri hiyo huendelea kuganda ndani. Taa hufifia injini ikipunguza mwendo, honi hukosa sauti, na kifaa cha kurekebisha umeme hufanya kazi kwa mzigo usio wake hadi chenyewe kiungue. Pikipiki zenye mfumo wa kielektroniki wa kuingizia mafuta, kwa upande wao, huenda zisiwake kabisa betri ikiwa tupu.

Hatua za kutunza

Hatua ya kwanza ni kupima. Multimita ndogo hupatikana kwa mafundi wa redio na simu, nayo hueleza hali ya betri kwa sekunde chache. Betri ipimwe ikiwa imepumzika saa kadhaa, kwa kuwa mara tu baada ya safari au kuchajiwa huonyesha namba ya juu kuliko ukweli wake. Namba husomwa hivi:

• Volti 12.6 hadi 12.8: betri imejaa.
• Volti 12.4: imebaki robo tatu, huu ndio wakati wa kuichaji.
• Volti 12.2: imebaki nusu.
• Volti 12.0: imebaki robo.
• Chini ya volti 11.9: iko tupu, na kila siku inayopita huzidisha madhara.

Hatua ya pili ni kuikata betri kutoka katika chombo. Kwa pikipiki au gari litakalokaa zaidi ya wiki mbili, waya wa hasi, ambao mara nyingi ni mweusi, uchomolewe. Kazi hiyo huhitaji spana moja tu, nayo humzuia mwizi wa pili kabisa. Waya wa hasi huanza kutolewa na huwa wa mwisho kurudishwa. Sababu ni kwamba spana ikiteleza kwenye ncha ya chanya na kugusa chuma cha chombo, huku hasi ikiwa bado imefungwa, cheche kubwa hutokea. Kwa pikipiki, ni vyema zaidi kuitoa betri nzima na kuiweka mahali pa kivuli penye hewa, mbali na watoto.

Hatua ya tatu ni kuchaji polepole. Kipimo salama ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri: betri ya ampea-saa 5 hupewa nusu ampea, na ya ampea-saa 50 hupewa ampea 5. Betri ya pikipiki iliyoshuka sana huhitaji saa kumi au kumi na mbili kwa kipimo hicho. Hatari ipo katika vibanda vya kuchaji ambako betri ndogo huunganishwa na chaja kubwa ya betri za malori. Hupata moto, maji yake huchemka, mabamba hupinda, nayo hurudi ikiwa imejaa kwa siku moja tu. Mwenye betri ana haki ya kuuliza chaja inatoa ampea ngapi kabla ya kuiacha. Vivyo hivyo, pikipiki inapobustiwa kwa betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa, maana alteneta ya gari ina nguvu nyingi kuliko betri ndogo inavyostahimili.

Hatua ya nne ni maji na usafi. Betri zenye vifuniko vya kufungua zina alama mbili ubavuni, ya chini na ya juu, na maji yanapaswa kuwa kati yake. Kinachoongezwa ni maji safi ya betri, yasiyo na chumvichumvi. Maji ya mto, ya kisima au ya lori la maji yana madini yanayoharibu mabamba. Asidi haiongezwi, kwa kuwa kinachopungua kwa joto ni maji peke yake. Betri zilizofungwa moja kwa moja zisifunguliwe. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huondolewa kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha vichwa hukaushwa na kupakwa grisi nyembamba.

Jua linaloua ndilo linaloponya

Kaya nyingi za Juba hutegemea paneli za jua na jenereta kwa umeme wao. Kwa utunzaji wa betri, jambo hilo si balaa tupu. Paneli ndogo ya wati 5 hutoa takriban theluthi moja ya ampea jua likiwa kali. Kwa saa tano za jua zuri, hiyo ni karibu ampea-saa moja na nusu kwa siku, kiasi kinachotosha kuidumisha betri ya pikipiki. Kwa gari, paneli ya wati 10 hadi 20 yafaa zaidi.

Sharti lake ni kuwepo kwa kidhibiti chaji kati ya paneli na betri. Paneli inayouzwa kuwa ya volti 12 huweza kutoa volti 18 au zaidi, ilhali betri ya risasi haipaswi kupewa zaidi ya volti 14.4 hivi inapochajiwa, na takriban 13.5 inapodumishwa tu. Bila kidhibiti, betri ndogo huchemshwa kila adhuhuri hadi ikauke. Paneli iwekwe juani, lakini betri na kidhibiti vibaki kivulini.

Imani na tahadhari

Wasikilizaji wengi waliokulia vijijini wanakumbuka mawe ya redio yakianikwa juani ili yapate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Kwa betri kavu za redio na tochi, joto huamsha kidogo kemikali iliyobaki, na nguvu hurudi kwa muda mfupi. Kwa betri ya pikipiki, kuianika juani ni kuiharakishia kifo.

Wapo pia wanaoamini kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji hunyonywa chaji. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani, betri zilipotengenezwa kwa makasha ya mbao au ya mpira duni. Makasha ya leo ya plastiki hayapitishi umeme. Betri iliyokufa sakafuni ilikufa kwa sababu haikuchajiwa.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu hewa. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche, sigara au kibatari. Pikipiki nyingi hulazwa ndani ya nyumba kwa kuhofia wizi, na ni rahisi mtu kuiacha betri ikichaji pembeni mwa kitanda. Hilo lisifanyike. Betri ichajiwe mahali penye hewa inayopita. Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua kumi na tano, na mwenye jicho lililoguswa apelekwe kwa daktari.

Betri iliyokufa huenda wapi

Mwisho wa betri si mwisho wa risasi iliyomo. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiwango kidogo, nayo ina bei, kwa hiyo betri kuukuu hukusanywa, huvunjwa na kuyeyushwa.

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni Owino Uhuru, makazi ya Mombasa, karibu na bandari ambamo betri nyingi hupitia. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani na makazi hayo kilieneza sumu ya risasi kwa wakazi, wakiwemo watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza juhudi za kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwezi Julai 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo mwezi Desemba 2024.

Kila betri inayodumu mwaka mmoja zaidi hupunguza mzigo huo. Iliyokufa isivunjwe nyumbani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima wala mto, na risasi yake isiyeyushwe jikoni. Irudishwe ikiwa nzima kwa muuzaji anayenunua betri kuukuu.

Kwa wanaotunza chombo wakiwa mbali

Wengi walio ughaibuni wamenunua pikipiki au gari kwa ajili ya ndugu walioko Juba, Kakuma au kaskazini mwa Uganda, na hupigiwa simu betri inapokwisha. Kabla ya kutuma fedha za betri mpya, maswali matatu husaidia: chombo kiliendeshwa lini kwa mara ya mwisho, betri inasoma volti ngapi baada ya kulala usiku kucha, na waya wa hasi ulikuwa umechomolewa? Ikiwa inasoma volti 12 au zaidi, kuna matumaini kwamba kuichaji polepole usiku mmoja kutatosha. Ikichajiwa hadi kujaa, kisha ikashuka tena chini ya volti 12 kesho yake bila kuunganishwa na chochote, basi fedha za kuichaji tena zitapotea bure.

Wanaoishi katika nchi za baridi kali wana hatari ya kinyume chake. Betri iliyojaa huweza kustahimili baridi hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, lakini iliyokwisha huanza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, na barafu hupasua kasha lake. Iliyoganda isichajiwe kamwe.

Aliyeko Gumbo na aliyeko ughaibuni wanaweza kuanza na kanuni ile ile: betri ijazwe kabla ya kuiacha, ikatwe na waya wa hasi, na ipimwe tena kabla mwezi haujaisha.